Acheni kuwaambia wageni kwamba maji yakinyweka yanafaa kupikia bia

Wakuu, nina hasira, mnivumilie. Jana nimemwaga lita 20 za bia mtaroni. Ni mpiko wa tatu mfululizo. Lita 60 zimekwenda na maji, pamoja na kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa), hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na wiki zote nilizosubiri, kwa sababu niliamini sentensi moja inayorudiwa humu kila mgeni akiuliza: "Kama maji yanafaa kunywa, yanafaa kupikia bia."

Hayafai. Si kama yalivyotoka bombani, yakiwa bado na klorini inayotiwa kuua vijidudu, kwani ndiyo inayoharibu ladha ya bia.

Waliowahi kuionja ladha hii wanaijua. Unafungua chupa, povu limesimama vizuri, rangi safi, unapiga funda la kwanza na mdomo mzima unajaa plasta ya kidonda. Kuna wanaosema ni plastiki iliyoungua, kuna wanaosema ni chumba cha sindano. Mpiko wa kwanza niliuweka miezi miwili kwa sababu mtu aliniambia "itatulia yenyewe". Haikutulia, na sasa najua kwamba ladha hii haiondoki kwa kusubiri.

Nilipouliza nikajibiwa neno moja: usafi. Eti ndoo yangu chafu. Nikanunua ndoo mpya. Nikabadilisha mpira wa kuhamishia bia, nikabadilisha hamira, halafu nikasugua kila kitu kwa dawa ya kung'arishia nguo na kusuuza kwa maji ya bomba. Dawa hiyo ni klorini! Nilikuwa naongeza tatizo lilelile nililokuwa nalikimbia, na hakuna hata mmoja kati ya walionishauri usafi aliyenionya.

Nimejisomea mwenyewe. Maganda ya kimea na hopsi yana fenoli, yaani kundi la kemikali za asili za mimea, na hamira nayo hutengeneza zake. Klorini ya maji ikikutana na fenoli hizo zinazaliwa klorofenoli, na ulimi wa binadamu unazigundua hata zikiwa sehemu chache tu kati ya bilioni moja. Ndiyo maana glasi ya maji unaweza kuinywa bila kuhisi chochote, halafu maji hayohayo yakaharibu ndoo nzima. Kunyweka kwa maji hakukuambii lolote kuhusu hili. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 5 za klorini kwa lita, na hicho ni kipimo cha afya ya mnywaji. Hakikuwekwa kwa ajili ya bia.

Kinachonikera zaidi ni wale wa "chemsha tu" na "acha ndoo wazi usiku kucha". Ushauri huo unafanya kazi kwa klorini ya kawaida, kwa sababu inaruka hewani. Lakini mamlaka nyingi za maji siku hizi hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na huitumia kwa sababu hiyohiyo kwamba haipotei haraka ndani ya mabomba. Usiku mmoja haiendi popote. Hata kuchemsha kunaiondoa polepole mno.

Nilipiga simu kwa wanaotuletea maji. Baada ya kuhamishwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine, yule wa mwisho akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba walishahamia kloramini miezi kadhaa nyuma. Miezi kadhaa! Nikahesabu: mpiko wangu wa mwisho uliokuwa mzuri ulikuwa kabla ya hapo. Kloramini inaua samaki wa kufugwa kwenye vioo, na lazima iondolewe kwenye maji ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Jambo lenye uzito huo linabadilishwaje bila mteja wa kawaida kupewa hata karatasi moja? Nalipa bili kila mwezi, nafasi ya kuandika mstari mmoja ilikuwepo.

Na dawa yake ni nyepesi hadi inauma. Kidonge kimoja cha metabisulfiti (chumvi ya salfa), vile vya Campden wanavyotumia watengeneza mvinyo, kinatosha takriban lita 75. Unakisaga, unakoroga, na dakika chache tu klorini na kloramini zote zimeisha nguvu. Chujio la mkaa nalo linasaidia, ila kwa kloramini maji yapite taratibu sana. Nilipika mipiko miwili midogo sambamba, kimea kilekile, hopsi zilezile, hamira ileile. Mmoja maji ya bomba matupu, mwingine nimetia unga wa kidonge. Wa kwanza plasta. Wa pili bia, bia kabisa.

Humu kuna nyuzi ndefu za watu wanaobishana kuhusu jasi ya maji ya Burton kule Uingereza na ulaini wa maji ya Plzeň kule Ucheki, miji iliyosifika kwa bia, gramu kwa gramu. Ni elimu nzuri, naiheshimu. Lakini anayeanza hahitaji kuigiza maji ya Burton kabla hajaambiwa atoe klorini kwenye ndoo yake.

Kwa hiyo naomba wasimamizi, ule mwongozo wa wanaoanza uliobandikwa juu, ile sentensi ifutwe. Pale pawekwe: piga simu kwa wanaokuletea maji, uliza wanatumia klorini au kloramini, na maji yote yatiwe kidonge, ya kupikia, ya kuongezea na ya kusuuzia. Na wewe uliyeniambia mara tatu kwamba ndoo yangu ni chafu, nasubiri jibu lako hapa.