Mtoto akidungwa sindano nyinyi mnamtuliza kwa sauti gani? Tupeane uzoefu

Mama Nassor, Wete: Jana nimempeleka mdogo chanjo ya wiki 6. Sindano 2, paja hili na hili. Kaka yake zamani alilia mpaka mdomo ukaingia weusi. Huyu nimemkumbatia nikamvumia "mmm, mmm", akalia kidogo akanyamaza. Wenzangu je?

Ummu Zuwena: Kuvumia ndiko. Anausikia mtetemo wa kifua chako.

Baba Khamis: Mie natia sauti ya mvua kwenye simu, naiweka sikioni kwake, juu kabisa.

Shangazi wa Konde: Sikioni kwa kichanga? Iweke mbali, tena ipunguze! Titi linatosha.

Baba Khamis: Titi nitalitoa wapi shangazi? Mama yake yuko kazini, mie ndo nnaempeleka.

Mkunga mstaafu: Msigombane. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apakatwe, na ikiwezekana anyonyeshwe wakati wa sindano. Asiye na titi, sauti yake na mikono yake. Matone ya rota, chanjo ya kuhara, yatangulie, ni matamu. Dawa ya homa msimpe kabla.

Mama Pacha: Chanjo ni mara moja imekwisha. Wangu mmoja alilazwa ana siku 12, wakawa wanatafuta mshipa wa dripu. Mkono wa kulia, wa kushoto, mguu, mwisho wakamnyoa kijisehemu kichwani. Nimeambiwa nitoke, sikutoka. Kilio kikakauka, akawa anafungua mdomo tu, sauti haitoki. Mama mkwe akaingia, akainama mpaka ushungi ukamgusa mtoto shavuni, akaanza "shhhh... shhhh", polepole, kama maji yakijaa pwani. Hakuacha. Nikaviona vile vidole, vilivyokuwa vimefumba ngumi, vinakunjuka kimoja kimoja. Mshipa ukapatikana. Zile nywele ninazo mpaka leo, nimezifunga kwenye pembe ya kanga.

Shangazi wa Konde: Pole mwanangu, nimelia. Yu vipi sasa?

Mama Pacha: Alhamdulillah, yuko darasa la pili.

Ummu Zuwena: Wangu "shhh" hapana, ndivyo nilivyomzoesha kukojoa. Alimrowesha nesi. Namtajia jina lake tu.

Mama Nassor: Ahsanteni. Bi mkunga, wiki 14 ni sindano ngapi?

Mkunga mstaafu: 3, ya polio imo. Mnyonyeshe hapo hapo.