Karata za taroti kabla ya uamuzi: ni tafakari au ni ramli tu?

Wadau, kuna wanaosema anayechomoa karata ya taroti (zile karata za picha ambazo wengi huzitumia kutabiri) kabla ya kuamua jambo anapiga ramli, hata kama yuko peke yake chumbani. Wengine wanajibu kwamba hawatabiri chochote, wanatafakari tu. Mimi niko na hawa wa pili, ila sababu wanazotoa wengi wao hazinishawishi.

Kwanza tuachane na ile habari ya hekima ya Misri ya kale. Karata hizi zilianzia kaskazini mwa Italia karne ya 15, na zilikuwa za kuchezea, basi. Aliyetangaza kuwa ni kitabu cha siri cha Wamisri ni Mfaransa, Antoine Court de Gébelin, mwaka 1781, wakati ambapo hakuna hata mtu mmoja aliyeweza kusoma maandishi ya Misri! Kwa hiyo anayeniambia karata "zinajua", namuuliza zimejulia wapi.

Faida yake iko kwenye picha. Seti maarufu zaidi, yenye karata 78, ilitoka London mwaka 1909, na michoro ni ya Pamela Colman Smith (ambaye kwa miaka mingi jina lake halikutajwa kwenye seti hiyo). Tazama Nane ya Vikombe: mtu mwenye joho jekundu na fimbo anaelekea milimani usiku, vikombe vinane kaviacha nyuma. Katupa mgongo, uso hauonekani. Waonyeshe watu wawili wanaowaza kuacha kazi. Mmoja atasema, "Afadhali, ameondoka." Mwingine atasema, "Huyu anakimbia." Picha haijasema lolote kati ya hayo. Ukijisikia umetamka "anakimbia", sasa una jambo la kuandika kwenye daftari.

Wapinzani wana hoja nzito, na wengi wetu tunaikwepa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Yalikuwa yaleyale kwa wote. Wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Hoja hiyo inakiua kile kijitabu cha kueleza maana ya kila karata kinachokuja na seti, na inazipiga zaidi karata za orakuli, ambazo ni aina nyingine kabisa. Hizo hazina idadi maalumu, kila mtunzi na zake, na nyingi zimeshaandikwa maneno ya kubembeleza, "jiamini", "achilia". Nani hayamgusi hayo?

Kwa hiyo kijitabu weka pembeni. Usiulize "nikubali au nikatae?" Uliza "nikikubali, naogopa nini?" Chomoa karata moja, mara moja. Anayechanga upya kwa kuwa ya kwanza haikumpendeza ameshajua anachotaka, karata za nini tena? Ugonjwa una daktari, kesi ina wakili. Na anayekusomea kwa malipo ananufaika ukirudi kila wiki, hilo nalo tulijue.

Wanaokataa kwa sababu ya imani sibishani nao. Kusema "natafakari tu" hakujibu hoja yao.

Ninaotaka kuwasikia ni mnaosema daftari peke yake linatosha. Ukikaa mbele ya ukurasa mtupu na neno la kwanza haliji, unaanzia wapi?