Je, nimalize kwanza mbinu zote za kutatua milinganyo tofautishi kabla ya kuingia katika nadharia ya vurugu?

Swali

Ndugu zangu, nimemaliza kozi ya kwanza ya milinganyo tofautishi (milinganyo inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika), ambamo karibu kila zoezi liliishia kwenye fomula. Sasa ninajisomea mifumo dinamiki, yaani mifumo inayobadilika kadiri wakati unavyopita, kwa shauku ya kuielewa nadharia ya vurugu (kwa Kiingereza, chaos), lakini nimekwama, kwa kuwa kitabu changu hakitatui chochote; kinachora mishale na kujadili uthabiti. Je, nirudi nikajifunze mbinu zaidi za utatuzi?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, usirudi. Milinganyo mingi isiyo ya mstari haina jibu linaloandikika kwa fomula za kawaida, na ndiyo maana mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré, katika kazi yake juu ya magimba matatu yanayovutana, iliyompatia tuzo ya Mfalme Oscar II wa Sweden mwaka 1889, aliuliza swali la namna nyingine: njia ambazo mfumo hupitia kadiri wakati unavyokwenda zinaelekea wapi?

Chukua dx/dt = x(1 − x). Fomula yake unaijua, lakini iweke kando. Kasi ni sifuri pale x inapokuwa 0 au 1, ni chanya katikati ya nukta hizo, na ni hasi juu ya 1. Kwa hiyo kila njia inayoanzia juu ya sifuri huishia 1. Umeijua hatima ya zote bila kutafuta integrali hata moja. Vigeu vikiwa viwili, unausogelea mfumo karibu na nukta ya msawazo (pale ambapo kasi zote ni sifuri), unauwakilisha kwa matriksi, kisha unatazama thamani aigeni (eigenvalues), namba za matriksi hiyo zinazoonyesha kama njia zilizo karibu zinasogea au zinaondoka: sehemu halisi zote zikiwa hasi, mfumo hurejea kwenye msawazo, hata moja ikiwa chanya, msawazo si thabiti. Muda uliotaka kuutumia kwa mbinu za utatuzi upeleke kwenye matriksi.

Jibu la pili

Ninakubaliana na mwenzangu. Niongeze kwamba vurugu haitokei katika mfumo wa vigeu viwili unaobadilika mfululizo bila kuruka hatua, usiotegemea wakati moja kwa moja, kwa sababu njia haziwezi kukatana, na bapa halina nafasi ya kupishana. Vigeu vitatu vinatosha, kama mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alivyoonyesha mwaka 1963:

dx/dt = 10(y − x)
dy/dt = x(28 − z) − y
dz/dt = xy − (8/3)z

Tafuta mwenyewe nukta zake tatu za msawazo. Utaona kwamba hakuna iliyo thabiti, na hata hivyo njia hazitoroki kwenda mbali bila kikomo. Hapo ndipo somo linaponoga! Kisha endesha kompyuta mara mbili, mianzo ikitofautiana kidogo mno, uone njia zinavyoachana.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Lakini hata katika dx/dt = x mianzo miwili iliyokaribiana huachana kwa kasi ya kipeo (exponential). Mbona hiyo haiitwi vurugu?

Jibu la pili

Kwa sababu njia hizo zinakwenda mbali moja kwa moja na hazirudi tena. Vurugu inadai mambo mawili kwa pamoja: njia jirani ziachane, na zote zibaki ndani ya eneo lenye mipaka, hivyo kwamba mfumo unanyoosha na kukunja, unanyoosha na kukunja, bila kujirudia kamwe.