Flashi ya USB 3.0 inaanza na MB 90, kisha inashuka hadi 12: ni feki?

Swali: Wakuu, flashi ya GB 64 imeandikwa Gb 5 kwa sekunde. Nikikopi faili moja la GB 8, inaanza MB 90 kwa sekunde, ikifika GB 1 hivi inashuka hadi 12. Tatizo nini?

Jibu 1: Tofautisha b (biti) na B (baiti) kwanza, mkuu. Baiti moja ni biti 8, na USB 3.0 husafirisha kila baiti kwa biti 10, kwa hiyo Gb 5 haiwezi kuzidi MB 500. Tena hiyo ni barabara tu. Gari ni chipu ya ndani. Flashi nyingi za bei nafuu hupokea data kwenye sehemu ndogo ya haraka. Ikijaa, zinaandika moja kwa moja kwenye seli za biti 3 (vyumba vya kuhifadhia data, kila kimoja biti 3, ambavyo huandikwa polepole), na hapo ndipo mwendo unapokufa.

Jibu 2: Tundu lako ni zima, maana USB 2.0 haivuki MB 60 kwa sekunde, na kwa kawaida huishia 30 hadi 40. Ila chomeka kwa mkupuo: ukisukuma polepole, pini za mbele za 2.0 hugusa kwanza na kompyuta inaitambua kama 2.0.

Jibu 3: Ufeki unapimwa kwa ujazo, si mwendo. Hamisha vitu vyako, kisha endesha H2testw (programu ya Windows ya kupima flashi) ijaze flashi yote na kuisoma upya. Kwa Linux tumia F3, programu ya kazi hiyohiyo.

Muulizaji: Na nikikopi picha 5,000?

Jibu 3: Zifunge kwenye zip moja bila kubana, ndipo ukopi. Faili ndogondogo ndizo zinazochosha flashi.