Uzito wa mbele wa trekta kwa vyuma chakavu

Wakuu, Massey Ferguson 240 ikinyanyua plau la diski tatu, mbele inakuwa nyepesi na usukani haushiki. Nina mabamba chakavu ya milimita 25. Niweke kilo ngapi, na nifungeje?

— Mkuu, anza na hesabu. Plau la kilo 350, kitovu cha uzito wake kikiwa mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma: 350 × 1.5 = 525. Gawanya kwa umbali kutoka ekseli hiyo hadi uzito utakapokaa, tuseme mita 2.4, unapata kama kilo 220. Bamba la sentimita 40 kwa 30 lina kilo 23.5, kwa hiyo tisa au kumi. Pima plau lako mwenyewe.

— Usichomelee kwenye kichwa cha mbele! Ni chuma cha kusubu, kitapasuka pembeni mwa weldi. Tumia matundu yaliyopo, bolti za daraja la nguvu 8.8 zenye washa na nati za kujifunga, kisha kaza upya baada ya saa chache za kazi.

— Acha nafasi ya hewa ya rejeta. Na plau likifunguliwa, ondoa mabamba: ekseli ya mbele na bushi zake ndizo zinazoumia barabarani.