Mnatuuzia pawa ampu bila kututajia gaini yake, halafu mnasema spika zetu ndo mbovu

Wakuu, leo nina hasira. Miezi minne nimehangaika na seti yangu ya muziki ya nyumbani, nimebadilisha waya, nimebadilisha mpaka spika, kumbe tatizo lote ni namba moja, gaini, yaani ampu inazidisha mara ngapi volti zinazoingia, ambayo haipo kwenye boksi, haipo kwenye tangazo, na muuzaji nilipomuuliza akanijibu "ampu ni wati 100, unataka nini tena?"

Nilikuwa na ampu ya zamani ya wati 40. Volyumu ikifika robo nyumba nzima inasikia. Nikasema ngoja nipande daraja, nikachukua pawa ampu (ile ya kusukuma spika tu) ya wati 100, na kwa mbele nikaweka kile kiboksi cha volyumu tupu, kisicho na umeme wala transista ndani, maana kila niliyemuuliza aliniambia hicho ndo kinatoa sauti halisi. DAC (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa mawimbi ya umeme) inaingia kwenye kiboksi, kiboksi kinaingia kwenye ampu. Nikawasha. Robo, hamna kitu. Nusu, unasikia kwa mbali. Nikazungusha mpaka mwisho kabisa, mtu akiongea kawaida pembeni anaufunika muziki kwenye sehemu zile za taratibu.

Nikarudi kwa muuzaji. Akaniuliza spika zina desibeli ngapi, yaani zinatoa sauti kiasi gani kwa wati moja, nikamwambia 86, akasema basi hizo nzito, tafuta za 90. Mimi mjinga wa mambo haya wakati huo nikamwamini, nikaziuza spika nilizokaa nazo miaka na nikazijua kila sauti yake, tena kwa hasara. Za 90 zikaja, sauti ikapanda kidogo tu, bado haitoshi. Nikarudi tena, sa hivi akasema labda chumba changu kikubwa.

Hapo ndo nikachukua multimita mwenyewe. Nikachomoa spika, nikapiga toni ya hezi 50 iliyorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa, volyumu mwisho, nikapima kwenye waya wa RCA unaoingia kwenye ampu: volti 2.0. Nikahamia kwenye tundu za spika: volti 10. Nikadhani nimekosea, nikarudia mara tatu, bado 10. Yaani ampu hii inazidisha mara 5 tu, desibeli kama 14, wakati pawa ampu nyingi za nyumbani zinazidisha mara 20 mpaka 28 hivi, yaani desibeli 26 mpaka 29.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Wati 100 kwenye spika ya ohm 8 zinataka volti 28.3, unachukua wati mara ohm unatafuta kipeuo cha pili. Mimi napata 10. Volti 10 kwenye ohm 8 ni wati 12 na nusu. Wati kumi na mbili na nusu!! Kwenye ampu ya wati 100! Ile ya zamani ya wati 40 yenye gaini ya mara 20 ilikuwa inashiba kwa volti 0.9 tu, kwahiyo DAC ya volti 2 ilikuwa inaizidi mbali. Hii mpya inataka karibu volti 5.7 ndo ifike mwisho, na kiboksi changu hakiongezi hata chembe, kinapunguza tu. Nilikuwa nimepungukiwa desibeli 9, mtu akaniuzia dawa ya desibeli 4 na akanifanya niuze spika zangu.

Na kwa wale wa santuri ndo balaa zaidi. Sindano ya kawaida inatoa kama milivolti 5, fono (kikuzaji cha mawimbi ya sindano) inazidisha mara 100, unapata nusu volti. Mara 5, volti 2.5. Hata wati moja haifiki.

Naomba nieleweke, sisemi gaini ndogo ni ubovu. Ukitumia ampu hii ukaweka sikio kwenye twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) hausikii ule mvumo wa shshsh hata kidogo, maana makelele ya vifaa vya mbele hayakuzwi sana, na volyumu unaitumia katikati badala ya kuichokonoa kule chini ambako upande mmoja unalia kuliko mwingine. Ni ampu nzuri sana. Lakini inahitaji priampu yenye kazi, yaani kifaa cha mbele yake kinachokuza mawimbi kweli, na hilo nilipaswa kuambiwa SIKU YA KWANZA.

Na msidhani nilipojua ndo nikapona. Nikachukua priampu iliyoandikwa gaini desibeli 12, yaani mara 4, nikajua nimemaliza. Nikiongeza sauti inakwaruza. Nikapima tena: ikifika volti 4 inaanza kukata vichwa vya mawimbi, zaidi ya hapo haiendi. Volti 4 mara 5 ni 20, ni wati 50 basi. Kwahiyo hata gaini peke yake haitoshi kuulizia, uliza na inatoa volti ngapi safi kabla haijaanza kukata, na hiyo nayo hawaandiki! DAC yenyewe ina tundu za XLR (zile za pini tatu) zinazotoa volti 4, desibeli 6 za bure, ila kile kiboksi cha mwanzo kilikuwa na RCA tu na hakuna aliyenishtua.

Sasa nina priampu nyingine, mara 4 na inafika volti 10 bila shida, volyumu iko nusu na kidogo na nyimbo zilizorekodiwa chini zinasikika vizuri. Imekaa sawa.

Ila wauzaji, ni mstari mmoja tu naomba kwenye tangazo: inataka volti ngapi kuingia ili itoe wati zake zote. Mstari mmoja. Na nyie mnaomwambia kila mgeni achukue kiboksi tupu, muulizeni kwanza ampu yake inazidisha mara ngapi. Wenye ampu za gaini ndogo wekeni namba zenu hapa chini, gaini na priampu mliyooanisha nayo, tusaidie wanaotaka kununua wiki hii.

Yule aliyechukua spika zangu nimempigia mara mbili. Anasema zinalia vizuri sana, haziuzi.