Tupeane uzoefu: Ulibadili injini, sensa na kontroli boksi zikakutoa jasho?

Wakuu, habari za Dodoma. Uzi huu ni wa waliobadili injini wakadhani shughuli imeisha fundi alipokaza boliti ya mwisho. Sensa ninazosema si zile za kuhesabiwa, ni vile vifaa vinavyoipimia injini joto, mzunguko na kadhalika. Kontroli boksi ni kompyuta ya injini; nikisema boksi tu, ni hiyo, si giaboksi. Naanza mwenyewe.

Nina RAV4, ile tunayoiita Kilitime. Ilikuja na injini ya 1AZ-FSE, yaani D-4. Ilipochoka nikashauriwa niweke 1AZ-FE ya kawaida, niachane na pampu ya presha na nozeli za bei mbaya. Nikapata ya mtumba, ikaja kwa lori, fundi wangu wa Kizota akaifunga kwa siku mbili. Ikakaa kama imezaliwa humo. Starta inazungusha, moto hakuna.

Kumbe tumeleta injini mikono mitupu, boksi ni ile ile ya D-4. D-4 inapuliza petroli ndani ya silinda kabisa, na nozeli zake zinaendeshwa na kiboksi kingine cha kupandisha umeme. FE inapulizia huko nje kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa, kwa presha ndogo. Boksi ya yule haimwelewi huyu. Nikarudi sokoni kutafuta boksi, wairingi nzima na throto yake, hela ikatoka upya. Ukinunua, simamia mwenyewe injini ishuke na waya zake mpaka soketi za boksi. Ukiona waya zimekatwa kwa kisu na kuungwa kwa selotepu, ondoka.

Kijana wa Nkuhungu: Mkuu, mimi boksi nilileta, ikaniua imobilaiza, ile kinga ya wizi. Gari inawaka, sekunde mbili, inazima. Inawaka, inazima. Fundi kabadili pampu ya mafuta, kabadili filta, hela yangu inaenda tu. Jamaa mmoja mwenye mashine ya kupimia akaja, akatazama kataa ka ufunguo kanavyopepesa kwenye dashibodi, akacheka. Boksi ilikuwa inasubiri chipu ya ufunguo wa gari ilikotoka, na ule ufunguo nani anajua uko wapi. Ikabidi funguo zangu zisajiliwe upya. Siku hizi nikisikia mtu ananunua boksi namuuliza kwanza: ufunguo wake uko wapi?

Dada Carina: Mimi niliona nimekwepa yote hayo, nimetoa injini ya 5A nimeweka 5A. Wapi! Sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka kama inapumua. Halafu usiku nikiwasha taa, mshale wa joto unapanda. Nikizima taa, unashuka. Injini yenyewe ya vuguvugu tu, ukishika rejeta unaona kabisa haijachemka. Nimenunua sensa ya joto mara mbili.

Mzee mmoja fundi umeme pale Majengo hakufungua hata kiboksi cha zana. Alichukua waya wa kubustia betri, upande mmoja kwenye hasi, upande wa pili akaugusisha kwenye bloku ya injini. Mshale ukashuka pale pale. Waliofunga injini walisahau waya mmoja wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, na ule mwingine waliukaza juu ya rangi. Akakwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa, akakaza. Alichotoza ni kidogo kuliko sensa moja niliyonunua. Nilitaka kulia.

Mtu wa Mpwapwa: Msisahau kadi ya gari. Namba ya injini kwenye kadi yangu ilibaki ya zamani, mteja akafungua boneti, akalinganisha, akaondoka. Nendeni TRA, mamlaka ya mapato, mapema na risiti ya injini.

Fundi Nusu: Mimi niliifanyia ovaholi injini yangu ile ile. Napita tu.

Msafiri wa Bahi: Yangu bado mbichi wakuu. Injini ya 1NZ, inawaka vizuri asubuhi, ikipata moto inakata ghafla barabarani. Nasubiri nusu saa inawaka tena. Mashine ya kupimia inasoma namba ya hitilafu P0335.

Mwanzisha uzi: Hiyo namba ni ya sensa ya krankshafti, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, mkuu. Kabla hujanunua, angalia waya wake haujagusa egzosi. Piga picha soketi uweke hapa.